Jiwe Tunaloliita Bibi Arusi

Kitongoji chetu kiko juu ya barabara ya Mushaki, mahali ambapo pikipiki zinachoka na watu wanaanza kutembea. Hakimo kwenye ramani yoyote niliyowahi kuiona, na nimeziona nyingi, maana nafundisha jiografia katika shule ya sekondari huku bondeni. Hilo halinisumbui. Ramani ndiyo iliyopungukiwa, siyo sisi.

Nikitaka kuwaeleza wanafunzi jinsi dunia ilivyotengenezwa, siendi mbali, nawapandisha kwetu. Upande wa mashariki wa kitongoji unakanyaga jiwe jeusi lenye vitundu, lililotoka ardhini likiwa moto, likatiririka kama uji kabla ya kuganda. Ukivuka uwanja wa kanisa kwenda magharibi, jeusi linakwisha, na chini yake linachungulia jiwe jingine, jeupe, gumu, lenye chembe zinazometameta juani. Hilo jeupe ni la zamani mno. Jeusi, ukililinganisha nalo, limezaliwa juzi. Mvua inapenya vitundu vya jiwe jeusi, inashuka hadi inakutana na jeupe lisilopenyeka, inakosa njia, inatokea nje. Hiyo ndiyo chemchemi yetu. Haijawahi kukauka, hata mwaka ule ambao maharagi yaliungua mashambani kote hadi Muheto.

Kwa hiyo historia yetu ni fupi. Babu zetu walikuja na majembe, wakaona maji yanatoka kwenye mshono wa mawe mawili, wakatua mizigo. Waliokata barabara walipita chini, wakabeba mawe yetu meusi ya kutosha, wala hawakupanda kusalimia. Kanisa tulilijenga wenyewe, kuta nyeusi na kona nyeupe, na wageni wote husema ni zuri. Wasiosema hivyo hawaalikwi tena.

Lakini ninapojivunia hasa ni jikoni. Kwetu mafiga mawili ni meusi na la tatu ni jeupe. Meusi hupandwa na mama mkwe siku nyumba inapokamilika, nusu yake ndani ya udongo. Jeupe huletwa na bibi arusi mwenyewe. Analichagua mlimani, analigongagonga mpaka urefu wake ulingane na yale mawili aliyoyakuta, na halifukiwi kamwe, kwa sababu ni lake. Nalo pia tunaliita bibi arusi. Mwenye jiwe anaweza kuwa na wajukuu na asiwe na jino hata moja kinywani, jiwe lake bado ni bibi arusi.

Tatizo la jiwe jeupe ni kwamba linaogopa moto. Lazima lifundishwe: siku za kwanza moto wa vijiti tu, baadaye kidogo zaidi, na mume avumilie kula viazi ambavyo havijaiva vizuri. Mke wa kaka yangu, aliyeolewa kutoka bondeni, hakuwa na subira hiyo. Aliokota mtoni jiwe jeupe la kupendeza, bado limeshiba maji, akalikokea moto wa kuchemshia maharagi ya ukoo mzima. Jiwe lilipasuka kwa kishindo, sufuria ikapinduka, maharagi yakanata mpaka kwenye mabati. Hakuumia mtu, namshukuru Mungu, isipokuwa jina lake. Mpaka leo akipita, wanawake wanaulizana kama mvua ya maharagi itanyesha.

Vita vilipopanda mpaka kwetu, kila mtu alikimbia na alichoweza kushika. Mama yangu alishika sufuria, Biblia, na bibi arusi wake, ambaye alimfunga mgongoni kwa kitenge. Tulipofika Sake tukatafuta chukudu, kile chombo cha mbao cha magurudumu mawili cha kubebea mizigo, na mwenye chukudu alipoonyeshwa lile jiwe alishindwa kujizuia.

"Mama, hata libwe? Kule Goma mabwe iko mingi sana!"

"Ya kule iko nyeusi," mama akamjibu. "Yangu iko nyeupe. Sukuma."

Akasukuma. Kambini, karibu na Goma, kila ulipokanyaga palikuwa jiwe jeusi, lenye makali, na figa letu jeupe lilikuwa peke yake katika safu zote za mahema ya maturubai ya shitingi. Watu walielekezana kwalo: nenda mpaka kwa Mama wa libwe, kisha kata kushoto. Nilijivuna kuwa mtoto wa Mama wa libwe.

Kambi ilipovunjwa tukarudi, na tulichokuta ni matete. Nyumba zilikuwa zimeungua, miti ya mipaka imekatwa kuni, mvua imesawazisha kila kitu. Kanisa tu lilikuwa limesimama, bila mabati. Mama alikuwa ametembea njia nzima akisimulia habari za nyumba yake. Alipofika hakuweza kujua ilikuwa wapi. Alisema wazi kwamba hatajenga mahali pa kubahatisha, hawezi kulala juu ya jiko la mwenzake. Asipopaona kwake, basi atashuka kuishi kwangu bondeni, akae kwenye kiti akingoja kufa. Namjua mama yangu. Angekufa kweli.

Tulikuwa tumerudi pamoja na jirani yetu, mjane ambaye nyumba yake ilipakana na ya mama. Tukaanza kufyeka wote watatu. Karibu na chemchemi panga la mama liligonga jiwe jeusi, na kando yake jingine, yote mawili yamezama nusu.

"Hapa njo kwangu," mama akasema.

"Hapana, Mama," jirani akajibu polepole. "Mi naona hapa njo kwangu. Mulango yangu ilikuwa inaangalia maji."

"Na yangu pia ilikuwa inaangalia maji."

Yote yalikuwa kweli, na hakuna aliyekuwa anadanganya. Jirani hakuwa na jiwe lake jeupe. Alipokimbia aliliacha nyuma pamoja na kila kitu, na katika matete yale nani angeliona? Mama hakubishana. Alifungua kitenge, akaweka bibi arusi mahali pa figa la tatu, akateleka sufuria juu, akaniambia nichote maji nijaze mpaka ukingoni. Tulimwelewa bila maelezo. Kila mwanamke alilichonga jiwe lake kwa kipimo cha mafiga yake mawili, na kwenye jiko la mwingine sufuria ingeinama.

Nilimimina. Maji yakamwagika upande mmoja.

Mama alikaa chini kwenye majani yaliyofyekwa, akatazama mikono yake. "Basi," akasema. "Hapa si kwangu."

Jirani angeweza kunyamaza hapo. Kiwanja kingekuwa chake, pamoja na njia ya maji, na hakuna ambaye angemlaumu. Lakini aliinama, akalitazama lile jiwe, akapitisha kidole kwenye masizi ya zamani yaliyokuwa yameelekea nje.

"Mama, umeiweka mugongo," akasema. "Uso yake njo huu, uko na moshi. Geuza."

Ni kweli kambini mama alizoea kuliweka vyovyote, maana mawe ya kule yalikuwa ya kuokota tu. Sasa hakuinuka. Jirani mwenyewe ndiye aliyeshusha sufuria, akaligeuza jiwe, akalisukuma kidogo mpaka likakaa. Nikajaza tena. Maji yakapanda hadi ukingoni pande zote, yakatikisika, yakatulia.

Nililia, wala sifichi. Nilimlilia jirani kuliko nilivyomlilia mama. Nimefundisha habari za mawe yetu miaka mingi kwa majivuno, na siku hiyo niliona kuwa watu waliokaa juu yake wanazidi mawe.

Mama aliinuka, akakusanya vijiti vyembamba tu, kwa kuwa bibi arusi alinyeshewa njiani na ilibidi afundishwe moto upya.

"Leta maharagi," akaniambia.

"Kwa moto hii itakawia kuiva, Mama."

"Ikawie." Akampisha jirani upande usio na moshi, akapiga magoti kupuliza. "Tukisha kula, tutafyeka mpaka tupate mafiga ya dada yangu."