Suruali ya Sufu Chini ya Mpira

Kilichoninyima usingizi ni swali ambalo nisingethubutu kumuuliza mtu: kitu gani kiguse ngozi yangu kesho, pamba yangu mwenyewe au sufu ya mtu nisiyemjua?

Kesho yake tulikuwa tunavua bwawa. Nilikuwa kwenye majaribio ya kazi katika shamba la samaki huko Hasamba, mimi na shahada yangu ya ufugaji wa samaki, na mavuno ya kwanza nilikuwa nimeyaharibu. Wanunuzi wa Mlowo wanataka perege kabla jua halijapanda, kwa hiyo mwezi wa sita tunaingia majini wakati umande bado unauma vidole. Siku ile nilivaa taiti ya pamba, juu yake jinzi, juu yake suruali ya michezo. Kuburuta wavu kulinitoa jasho, pamba ikalowa, ikapoa, miguu ikafa ganzi. Nikaachia kamba na kutoka. Upande wangu wa wavu ukalala, samaki wakapita.

"Ukitoka tena kabla wavu haujafika ukingoni, dada," msimamizi aliniambia, "natafuta mwingine wa kushika kamba. Wewe utarudi kwenu Tunduma, cheti chako kikiwa kikavu."

Baridi peke yake ningeizoea. Kilichonishinda ni ile suruali ya kuingilia bwawani. Ya kimo changu ipo moja tu shambani, ya mpira, imeungana na gamboti na kufika kifuani, na tunaivaa kwa zamu. Ndani haikauki. Ukiingiza mguu unakutana na unyevu wa aliyekutangulia, na harufu ya soksi, matope na maziwa yaliyochacha. Siku moja nilibandua unywele uliokuwa umenata kwenye kisigino. Ulikuwa mnene, umejikunja. Sikutaka kufikiria umetoka sehemu gani ya mwili, nikafikiria wiki nzima.

Nilijua dawa ya baridi ni sufu, maana hata ikilowa bado inatunza joto. Kwenye mitumba ya Mlowo nikapata suruali mbili ndefu za ndani, za sufu, za kiume. Magoti yake yalikuwa yametuna, bado yana umbo la magoti ya mwenyewe. Moja ilikuwa na doa la njano mahali pabaya.

"Hiyo ni chai tu, dada," muuzaji akasema. "Mzungu alimwaga chai."

"Alikuwa amekalia kikombe?"

"Huko kwao baridi kali. Labda alikuwa anajipasha."

Nilinunua zote mbili. Nyumbani nikaichemsha yenye doa kwa sabuni ya unga, nikiigeuzageuza na kuikandamiza, mpaka nikaridhika kwamba chochote kilichoishi humo kimekufa. Ilipotoka ilikuwa imesinyaa, ngumu kama zulia, ya kumtosha mtoto wa chekechea. Doa lilikuwa palepale.

Mama mwenye nyumba aliiinua kwa vidole viwili.

"Mwanangu, hii umeifua au umeipika?"

"Nilikuwa naua wadudu, mama."

"Wadudu wamekufa na suruali imewafuata." Akachungulia sufuria. "Na huu uliokorogea, si mwiko wangu wa ugali?"

Aliutia mwiko motoni palepale, na jioni ile alinitazama nikila kama mtu anayemtazama fisi.

Ya pili niliifua kwa maji baridi, nikaianika karibu na jiko. Ilikauka, ila ilibaki na harufu ya dawa ya nondo na, chini yake, ya mtu. Ndiyo hiyo niliyolala nikiiwaza. Nikitanguliza taiti yangu, pamba italowa tena na nitatoka majini. Nisipoitanguliza, mapaja yangu yatalala mahali alipolala huyo mtu.

Alfajiri, kwenye kibanda cha kando ya bwawa, nilikuwa nimetanguliza taiti. Nikaisikia tayari ina jasho la woga. Nikavua vyote, nikaivaa sufu kwenye ngozi tupu. Ilinikuna, na yale magoti yaliyotuna yakakaa chini kidogo ya yangu. Nikavuta mpira juu yake. Unyevu wa jana ukanilamba vifundo vya miguu, mate yakanijaa mdomoni, nikayameza.

Nikashuka bwawani, nikaomba kamba ya upande wenye kina, na sikuiachia mpaka wavu ulipofika ukingoni.