Mzee wa Maharage Amepumzika

Picha yenyewe nilijipiga bure. Lakini hadi jua linazama ilikuwa imenilia jogoo mmoja, madebe mawili ya maharage na machozi ya dada yangu. Nimehesabu mara mbili. Jogoo na maharage bei yake naijua.

Jumapili hiyo naikumbuka vizuri, mwanangu. Ulikuwa ujana wangu. Usicheke: mvi nilikuwa nazo, ila mtandaoni nilikuwa na miezi miwili tu, na kijana ni kijana popote anapoanzia. Nilikuwa nimenunua simu kubwa, nikambembeleza muuzaji mpaka akanipa na kava, na wateja wa maharage wakaanza kunitafuta WhatsApp. Pale kwenye kiduara cha picha nilikuwa nimejiweka nilivyo sokoni: debe mkononi, shati wazi vifungo viwili, meno nje, na pengo langu la mbele halikujificha.

Nikaanza kuona haya. Mteja mmoja mkubwa wa Tunduru alikuwa anaulizia magunia. Nikasema huyu lazima aone mtu mzima mwenye heshima zake. Nikavaa koti nililoolea, nikasimama ukutani, nikafunga mdomo. Halafu nikagundua kuna mahali ukibonyeza, rangi zote zinaondoka. Tena bure! Nikabonyeza. Nikatokea kama mkuu wa shule ya zamani. Nilifurahi mwanangu, nilijitazama mpaka chaji ikashuka. Na kwa kuwa ni Jumapili, sikutaka mtu anisumbue na bei, nikaiweka na maneno haya: "Mzee wa Maharage amepumzika." Nikazima simu, nikaenda zangu Ruhuwiko kucheza bao.

Alasiri narudi Msamala, kwenye nyumba ninayoishi peke yangu tangu mama watoto atangulie, nakuta turubai limefungwa uani. Akina mama wako kwenye mikeka, masufuria yako motoni, gunia langu limefunguliwa. Katikati amelala chali mtani wangu Kasiani, ananiigiza kama watani wanavyofanya msibani, anabishana na fundi wa majeneza asiyekuwepo: "Punguza bwana! Jeneza lenyewe nalitumia mara moja tu!"

Watu wanalia na kucheka. Nami nilisimama kidogo nisikilize, maana kusema kweli hoja yake ilikuwa nzuri.

Kisha nikamwona Dada Gaudensia. Huyu ndiye aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo. Alikuwa ameegemea ukuta, kanga kichwani, mguu mmoja una ndala, mwingine hauna. Alitoka Peramiho mbio, palizi ameiacha katikati ya tuta.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba," akajibu kwa mazoea, macho chini. Halafu akanyanyua kichwa.

Alinishika mashavu. Akanipanua mdomo kwa kidole, mbele za watu, akaliona pengo. Hapo ndipo alipolia kwa sauti, na alipomaliza akavua ile ndala moja.

"Otmari! Ukinifanyia tena hivi nakuzika mwenyewe!" Akanichapa mgongoni. Akachoka, akakaa. "Mimi kusoma maneno marefu siwezi. Kila asubuhi nawaambia wajukuu wanifungulie simu nilione hilo pengo lako, nikiliona najua mdogo wangu yupo. Leo nafungua nakuta mtu amefunga mdomo, hana rangi, wajukuu wananisomea amepumzika, na nikipiga simu imezimwa. Ulikuwa unamwekea nani picha ile?"

"Mteja wa Tunduru."

"Amekuja?"

Nikahesabu waliokuwa uani. Nikahesabu tena. Wa Tunduru hakuwemo.

Basi mwanangu, najua na wewe sasa hivi unafuta na kuweka, unafuta na kuweka, unatafuta picha itakayowashangaza watu. Furahia, vaa upendeze, hiyo si dhambi. Ila kabla hujabonyeza, mfikirie yule mmoja atakayeifungua asubuhi kuangalia kama upo. Huyo akutambue kwanza. Mgeni atakuzoea hivyo hivyo ulivyo. Na maneno ya chini yake mpe mtu ayasome kabla hujazima simu. Mungu akujalie uso ambao hutauonea haya, na watu wa kukukimbilia hata kwa ndala moja.

Sasa mwenyewe nataka kubadilisha picha. Siku ile Kasiani alitupiga moja nzuri sana: mimi nimejikunja, dada ameinua ndala, rangi zote zipo, pengo lipo. Lakini dada anasema nisithubutu kuiweka kabla sijamrudishia jogoo wake, aliyekuja naye kwa ajili ya msiba wangu akaishia chunguni. Nimempa mtetea anayetaga, amekataa. Anataka jogoo, tena mwenye sauti. Namkumbusha kwamba paja na kidari alikula yeye mwenyewe, hataki kusikia. Wewe uliyezaliwa na simu mkononi, nishauri: nilipe jogoo mzima, au tukate paja na kidari?