Vitenge Vilivyongoja Nyumba

Harufu ya kitenge kipya, kile ambacho hakijaguswa na maji, ina wanga ndani yake na kitu kidogo kama mafuta ya taa. Ikinipata dukani kwangu hapa Kasese, namwacha mteja katikati ya bei, na mimi si mtu wa kuacha bei.

Kwanza mjue mnasoma maneno ya nani. Ukiingia hoteli ya maana mjini hapa ukakuta pazia la kijani cha chupa limekaa na kochi la rangi ya damu ya mzee, na hakuna aliyemkanyaga mwenzake, hapo nimepita mimi. Shule niliiachia darasa la nne. Wenye vyeti vya mapambo leo wananiita bosi. Wanapenda nyeupe, maskini.

Enzi hizo tulikuwa Bwera, huku mpakani, chumba na sebule ya kupanga, kuta za udongo zilizopigwa weusi na moshi wa wapangaji waliotangulia. Tulikuwa tumevuka mpaka kutoka kwetu Butembo: Mama, dada yangu Masika, mimi, na sanduku moja la bati. Mama aliuza vitenge sokoni, na nyumbani alikuwa na sheria moja: hakuna kupiga msumari. Sufuria, nguo, hata picha ya Bikira Maria, vyote vilining'inia kwa kamba kutoka kwenye boriti. Sisi ni wapita njia, alisema, na mpita njia hatoboi ukuta wa watu.

Basi Masika akachumbiwa na Bwambale, kijana wa Kyarumba mwenye shamba la kahawa. Kwao wakakubali nusu. Baba yake mkubwa, aliyekuwa na neno la mwisho, alisema waziwazi kwamba watu wa ng'ambo ni kama ndege kwenye mti: leo wapo, kesho wameruka, na bibi harusi wameruka naye. Angekuja atuone kwa macho yake, kisha aseme ndiyo au hapana. Masika aliacha kula.

Kwetu wageni wa posa hawapokelewi na ukuta mtupu. Mama akaazima mashuka meupe kwa majirani, tukayafunga kwa kamba kuzunguka sebule. Mimi niliyakataa tangu mwanzo; jicho langu lilikuwa limeshaiva. Moshi ulionekana kupitia kitambaa, na Masika katika gauni lake la rangi ya chungwa alifanana na mgonjwa wa wodini. Kisha upepo ukashuka mlimani, kamba ikakatika, mashuka yakaangukia sufuria ya sombe, mboga yetu ya majani ya muhogo, iliyojaa mawese. Mawese hayatoki, mnajua wenyewe. Na wageni walikuwa njiani.

Nikafungua sanduku la bati. Harufu ile ikanipiga usoni. Ndani mlikuwa na vitenge ambavyo Mama hakuwahi kuvipeleka sokoni, bado na mikunjo ya dukani: damu ya mzee, kijani cha chupa, buluu ya usiku, zambarau ya biringanya, na kimoja cha manjano ya bizari.

"Acha, Kasereka," Mama akasema. "Hiyo iko ya nyumba ya Butembo."

Nikadhani anaogopa giza la rangi zile, maana watu husema rangi nzito ni za matanga. Nikaanza kumweleza mambo ya rangi, kitoto kinamfundisha muuza vitenge. Hajati, jirani yetu, mke wa mwenye lori, alikuwa mlangoni akiliomboleza shuka lake. Hakuvitazama vitenge. Alimtazama Mama.

"Mama Masika, nguo hizi zitangoja nyumba mpaka lini? Watoto si hawa, wako hapa."

Mama akaketi, kitenge mapajani, hata sombe ikaanza kuungua. Alipoinuka, alimwomba Hajati nyundo, na misumari ya kupigilia mbao za lori.

Alipiga mwenyewe, udongo ukimdondokea kichwani. Kijani na damu ya mzee vilipokutana kwenye kona vilinuniana kama wake wenza. Hapo manjano ikaingia katikati, ukanda mwembamba tu, vikatulia. Nani aliyesema iingie? Mimi nasema ni mimi. Masika anasema ni Mama, na maneno yake anayakariri mpaka leo: "Nzito na nzito zikigombana, usizitenge. Zitafutie mupatanishi." Moshi wote ukamezwa. Sebule ikapata kina, na Masika mbele yake akawaka kama kaa la moto.

Mzee wa Kyarumba aliingia, hakuketi. Alipapasa kitenge mpaka kidole kikakuta kichwa cha msumari. Akausukuma kwa dole gumba. Akausukuma tena.

"Wanaoruka kesho hawapigi hivi," akawaambia wenzake. Akaketi, akaomba chakula.

Miaka mingi niliwasimulia wateja jinsi rangi zangu zilivyomwoza dada yangu. Kisha nikajenga nyumba yangu mwenyewe, na Mama akaja kukaa nami. Nikamtembeza kila chumba, nikisubiri sifa. Kuhusu rangi hakusema neno. Kwenye chumba nilichomtengea akakaa kitandani, akatoa mfukoni Bikira Maria yuleyule, kamba yake ikiwa bado imefungwa. Akaifungua kamba taratibu, akaikunja.

"Kasereka," akasema, "leta nyundo."

Ndipo nikajua kilichokuwa kizito siku ile, na hazikuwa rangi. Nikaenda kuileta.