Simu ya mahari ilivyoikataa laini ya baba mkwe mbele ya ukoo

Wakuu, heshima kwenu. Hili jambo limenikaa kifuani, leo nalimwaga hapa na siongezi chumvi. Mkitaka kucheka chekeni, mimi siku ile sikucheka.

Niko Utemini, Singida mjini. Wanaonijua jukwaa la tech, mimi ndiye yule mbishi wa bootloader, ile kufuli ya ndani inayolinda mfumo wa simu. Sinunui simu mpaka nijue bootloader inafunguka, maana napenda kuweka custom ROM, yaani mfumo mwingine ninaouchagua mwenyewe. Simu nisiyoweza kuifungua naiona kama nyumba ya kupanga.

Sasa nikaenda kumposa Neema huko Mkalama, kwa Wanyiramba. Baba yake Neema akataka ng'ombe, mbuzi, blanketi la bibi na "simu kubwa ya kuonana sura." Hiyo simu ndiyo aliyoikazia. Neema ni kitinda mimba wake, na angehamia kwangu mjini.

Nikapata used moja kali kutoka nje, kioo hakina hata mkwaruzo. Dukani nikaingia settings, nikakuta OEM unlocking, swichi ya kuruhusu bootloader ifunguliwe, imefifia, haibonyezeki.

Pale ndipo machale yalitakiwa yanicheze. Mara nyingi simu za hivyo ziliuzwa na kampuni za laini huko nje, na huwa zimefungwa zisitumie laini nyingine. Lakini nikajiambia, mzee ana habari gani na bootloader? Nikaijaribu kwa hotspot yangu, WhatsApp ikafunguka, video ikakubali, nikalipa.

Laini sikuweka! Mimi, mtaalamu!

Siku ya mahari sebule imejaa wazee. Ng'ombe walishakaguliwa wakapita. Mshenga wangu akamkabidhi mzee boksi, vigelegele vikapigwa.

Mzee akasema, "Niwekee laini yangu, nimpigie Neema huko jikoni."

Nikaweka. Simu ikawaka, ikaandika inataka code ya mtandao wa huko ilikotoka.

Nikatoa laini, nikarudisha. Vilevile. Wakuu, jasho lilinitiririka, na nje upepo wetu ule wa Singida unavuma.

Baba mdogo wake Neema, mwalimu mstaafu, akauliza, "Kijana, umetuletea simu ya wizi?"

Mshenga ananikanyaga mguu chini ya meza. Najieleza, lakini habari ya carrier lock utamwelezaje mzee akuelewe? Nikaona isiwe tabu, nikatoa simu yangu mfukoni, nikafuta kila kitu palepale, nikampa.

Wenzangu wa kufungua bootloader mshajua kilichofuata. Simu yenyewe kila ikiwaka inatoa onyo la Kiingereza. Mwalimu akavaa miwani, akasoma, akawatafsiria wazee: "Inasema imefunguliwa, na si ya kuaminika."

Mama yangu weee!

Mzee akaziweka zote mbili mezani. Hakufoka, na heri angefoka.

"Moja imefungwa, nyingine haiaminiki. Sasa mwanangu akishaondoka, nitamwona kwa ipi?"

Hapo ndipo nikaelewa alichokuwa anaogopa, nikajisikia vibaya sana. Akasema mifugo imepokelewa, ila Neema hatoki mpaka yeye mzee apate simu inayoita.

Nikazibeba zote mbili, nikarudi mjini, nikanunua mpya ya kawaida kabisa. Nikaweka laini kabla ya kulipa, nikapiga, nikapigiwa, mpaka muuzaji akaninunia. Bootloader sikuuliza. Mshenga akaipeleka, mimi nikabaki nyumbani nasubiri simu.

Funzo ndugu zangu: used ya nje weka laini yako mwenyewe, piga simu, ndipo utoe hela. WiFi isikudanganye. OEM unlocking ikiwa imefifia, shtuka. Na bootloader iliyofunguliwa ni starehe yako wewe, usimbebeshe mtu anayetaka kupiga simu tu.

Mchana mmoja video call ikaingia. Naona nusu ya paji la uso na bati.

"Mkwe, unaniona?"

"Nakuona baba, shikamoo."

"Marahaba. Njoo umchukue."

Nililia, sioni aibu kusema.

Haya, aliyewahi kuumbuliwa na simu ukweni atiririke hapa chini, na wataalamu wa kufungua laini mje mniambie kama ile ya kwanza inaokoleka. Nikichelewa kujibu mnivumilie. Hapa naandika kwa simu ya Neema, na baba yake anapiga.