Mhadhiri Aliyengoja Matanga

Nikiwa mwaka wa tatu chuoni nilichaguliwa kwenye mpango wa utafiti wa likizo ndefu, mimi na mvulana mmoja wa darasa letu aliyelelewa Nairobi. Wanafunzi wa fasihi hatuna mengi ya kugombania. Wenzetu wa uhandisi na uhasibu hupata pa kujifunzia kazi, huko bandarini Kipevu na kwingineko. Sisi huulizwa na wajomba kama hiyo fasihi inaliwa. Kwa hiyo nilipoambiwa kwamba atakayeleta kazi nzuri zaidi atasafiri na mhadhiri msimamizi kwenda kuisoma mbele ya wasomi ng'ambo, niliona nimeukata. Niliitaka safari ile kwa moyo wangu wote, wala sioni haya kusema.

Mhadhiri alikuwa bwana wa bara aliyeandika makala chungu nzima juu ya nyimbo za msiba za Wamijikenda bila kujua hata salamu zetu. Alifikia hoteli moja ya Shanzu, akavaa kofia ya ukindu, akatuhutubia kando ya bwawa la kuogelea. Alisema utamaduni unakufa na sisi ndio tutakaouokoa. Kisha akaagiza pweza, akamrudisha jikoni kwa kuwa ni mgumu.

Kwetu ni Kisauni. Bibi yangu, ambaye sisi Wagiriama twamwita hawe, ndiye aliyekuwa akianzisha nyimbo kwenye kila hanga la mtaani, yaani matanga. Yeye huanza, wanawake wengine huitikia. Jumapili alikaa kiti cha mbele kanisani na hakuona mgongano wowote. Mhadhiri aliposikia hayo alitaka hawe aletwe hotelini siku hiyohiyo. Nilikataa, nikampeleka yeye kwa hawe.

Aliingia uani na kinasa sauti mkononi. "Shosho, habari yako," akasema. Shikamoo hakuijua, na shosho ni neno la kwao, si letu. Hawe alimtazama, kisha akamsogezea kiti.

"Tuimbie kidogo zile za msiba."

"Kwani ni nani aliyekufa, mwanangu?"

"Hakuna. Ni utafiti tu."

"Sasa nitamlilia nani? Nyimbo hizo haziimbwi watu wakiwa wazima. Ni kuwaitia kifo. Kunywa chai, mwanangu, yapoa."

Chai alikunywa, na mahamri akala. Njiani alinieleza kwamba huo ni ushirikina, na kwamba kwenye makala yake angeuita kizuizi cha nyanjani. Hawe wangu, kizuizi.

Tangu hapo akawa ananipigia simu kila asubuhi. Hakuwa mtu wa kuuliza umeamkaje. "Vipi, kumepatikana?" Mara ya kwanza sikumwelewa. Alikuwa anauliza kama mtaani kwetu kumekufa mtu. Jirani mmoja alipolazwa hospitali, mhadhiri alimuulizia kwa shauku ambayo hata wanawe hawakuwa nayo, na nilipomwambia ameruhusiwa kurudi nyumbani, akasema, "Ah, bahati mbaya."

Mwenzangu alikuwa mwerevu kwa namna yake. Alikwenda Changamwe akarekodi kwaya ya kanisa ikifanya mazoezi, akaja kudai ni maombolezo ya jadi. Mhadhiri alimkemea mbele yangu. Sikio lake halidanganywi, alisema. Wimbo wa hanga angeutambua hata akiwa usingizini. Nilimdharau mvulana yule, mhadhiri nikamdharau zaidi, na bado nikaitaka safari yake.

Hawe alifariki likizo ikielekea ukingoni. Aliugua kifua, akakataa kulala hospitali, akafa kitandani mwake alfajiri. Jua lilipotoka wanawake walikuwa wameshajaa uani, mikeka imetandikwa, na yule aliyekuwa akimwitikia siku zote ndiye aliyeanzisha. Sijapata kusikia nyimbo zile zikiimbwa vile. Nililia mpaka nikashikiliwa.

Simu ikaita.

"Vipi, kumepatikana?"

Nilikuwa nimesimama jikoni, dirisha wazi, wanawake wakiimba nje. Safari yangu yote ilikuwa pale uani. Ningesema neno moja tu, naye angefika na kinasa sauti chake kabla maiti haijaoshwa.

"Hapana," nikasema. "Sote wazima."

"Likizo inakwisha. Usipoleta kitu wiki hii, safari nampa mwenzako."

"Mpe."

"Na hizo kelele hapo kwenu ni za nini?"

"Kwaya ya kanisa. Wanafanya mazoezi."

"Ah," akasema, "hizo ninazo tele."

Akakata simu, nami nikatoka uani kwenda kuitikia.