Baridi ya Berea, Baiskeli Ikiwa Ukutani

Juzi nilimpeleka binti yangu kwa daktari wa meno kule Berea, na kwa kuwa tulifika mapema, nikamzungusha mtaa mmoja zaidi ili aone jengo nililokulia. Nilitaka hasa aone uwanja wa nyuma. Hatukuona kitu. Siku hizi kuna ukuta, juu yake nyaya za umeme, na geti linalofunguliwa kwa rimoti. Mlinzi akatoka kwenye kibanda chake akaniuliza namtafuta nani. Nikamwambia simtafuti mtu. "Basi sogea, mama," akasema. Binti yangu akanivuta mkono. Mimi hata sikushangaa. Mahali pale ndipo nilipozoea kuambiwa nisogee, tangu sijaota meno ya ukubwani.

Wewe ambaye hujawahi kukaa Durban utacheka nikikuambia kwamba tulikuwa na majira ya baridi. Watu wanaijua Durban ya jasho na mawimbi. Lakini ukae kwenye flati ya zege isiyopata jua, sakafu ya vigae, dirisha moja limevunjika na kuzibwa kwa kadibodi, halafu upepo wa Juni ushuke kutoka milimani, utaniambia. Jengo letu lilikuwa upande wa mteremko unaotazama bahari, kwa hiyo jua lilipopinda alasiri lilijificha nyuma ya kilima mapema kuliko kwa watu wengine. Tulikuwa tukirudi shuleni, tunabadilisha nguo, tunakunywa chai, na kivuli tayari kimeshafika mlangoni.

Majira ya joto yalikuwa ya baiskeli. Baba aliinunua ikiwa imeshatumika, nyekundu iliyopauka, breki moja tu, na sisi watoto wa jengo tuliipanda kwa zamu mpaka giza linaingia. Juni ikifika, Baba aliitundika ukutani kwenye korido, juu ya misumari, na hapo ndipo ilipokaa mpaka Septemba. Hakutaka ubishi katika hilo. Mtoto mmoja wa shuleni kwetu aligongwa na gari saa ile ya giza la mapema, pale chini ambapo madereva hukimbilia robot, yaani taa ya barabarani, kabla haijawa nyekundu. Alirudi darasani na magongo. Baba alimwona siku moja akivuka barabara, akaja nyumbani, akachukua nyundo na misumari.

Basi tukabaki ndani. Baba alikuwa kwenye duka lake la simu mjini, Mama kwenye saluni, wote wanarudi jioni. Sisi tulijifunika blanketi mbele ya televisheni, tukasukumana na kung'ang'ania nafasi karibu na hita, tukanuna, tukalala na viatu. Ingekuwa hivyo mwaka baada ya mwaka kama bibi yetu asingekuja.

Sisi watu wa Bukavu, mashariki ya Kongo, tunamwita bibi Koko. Huyu alikuwa mama yake Baba. Alifika kwa basi baada ya safari ndefu iliyokatiza nchi kadhaa, na kitu cha kwanza alichofanya kwenye flati yetu ni kufungua madirisha yote. Alikuwa mfupi, mnene wa mabega, na miguu ya mtu aliyelima milimani maisha yake yote. Alitukuta tumelala mbele ya televisheni akasimama katikati yetu na picha.

"Muko wagonjwa?" akauliza.

"Hapana, Koko. Ni baridi. Na baiskeli imetundikwa."

"Baiskeli ndiyo imetundikwa. Miguu yenu nani ameitundika?"

Akazima televisheni. Akatutoa nje kama mtu anayetoa mbuzi zizini.

Nyuma ya jengo kulikuwa na kiwanja cha nyasi na kamba za kuanikia nguo. Baridi ya Durban haina mvua, kwa hiyo nyasi zilikuwa zimekauka, rangi ya mkate, zinachoma miguu. Pale Koko alitufundisha nzango. Kama huujui mchezo huo, ni hivi: mnasimama safu mbili zinazotazamana, mnapiga makofi na kuimba, wawili wanatoka katikati wanaruka, na wanapotua kila mmoja anatupa mguu mbele. Mguu wa kushoto au wa kulia, hapo ndipo penye ushindi. Koko aliufunga mtandio kiunoni, akavua kandambili, akaruka. Mwili ule mzima ukapanda hewani na kushuka, ardhi ikatikisika, nasi tukapiga kelele mpaka wasichana wa ghorofa zingine wakatoka kuangalia nini kimetokea. Kesho yake walikuja kucheza. Tulikuwa Wakongo, Watanzania, Wazulu, na dada wawili Wahindi ambao mama yao aliwakanya kisha akashuka mwenyewe kutazama.

Tukirudi ndani tulikuwa tunatoa mvuke. Koko alikaanga mikate, yale maandazi yetu ya mviringo, akamwaga uji wa soya kwenye vikombe, na kama kuna mtu alipita sokoni basi kuna machenza, maana baridi ndiyo msimu wa machenza Durban. Mpaka leo nikimenya chenza nasikia mapigo ya moyo wa mtoto aliyetoka kukimbia.

Sasa nikuambie habari ya jirani wa chini.

Alikuwa mzee aliyestaafu, anaishi peke yake, na dirisha lake la jikoni lilitazama zile nyasi. Alikuwa pia mwenyekiti wa kamati ya jengo. Watu wakinisikia nikimsimulia huniambia labda alikuwa mpweke, labda alikuwa mgonjwa. Labda. Mimi nilikuwa mtoto wa miaka tisa na alinitazama kama mtu anavyotazama kinyesi kwenye zulia. Mwanzoni alipiga kioo kwa pete yake. Kisha akaanza kufungua dirisha na kusema "Hamba", yaani ondoka kwa Kizulu, ingawa Kizulu hakikuwa lugha yake wala yetu. Kisha likaja lile neno wanalotuitia sisi wageni, kwerekwere. Watoto Wazulu waliokuwa nasi hakuwaita chochote; alisubiri waondoke kwanza ndipo atutukane sisi.

Siku moja tulikuta kibao kimepigiliwa kwenye nguzo ya kamba. Koko akaniuliza kimeandikwa nini. Nikamsomea: ni marufuku watoto kucheza hapa.

"Nguo ziko na ruhusa ya kucheza?" akauliza, akionyesha mashuka yaliyokuwa yanarushwa na upepo. Kisha akatundika sweta lake juu ya kile kibao, akavua kandambili.

Jirani akabadili silaha. Akanunua mpira mrefu wa maji, na kila alasiri, muda mfupi kabla hatujatoka shuleni, akawa anamwagilia zile nyasi zilizokufa. Tulikuta tope. Tukacheza kwenye tope, tukarudi tumelowa hadi magotini, Mama akalalamika juu ya sabuni. Koko alikuwa anamtazama yule mzee kupitia dirisha, naye anamtazama, na hakuna aliyekuwa wa kwanza kugeuza macho.

Ikafika Julai, siku ya upepo ule wa kusini unaoleta baridi kutoka baharini. Mdogo wangu wa kike alikuwa katikati, zamu yake ya kuruka, anaimba, macho ameyafumba kama alivyozoea. Jirani hakungoja siku hiyo. Alitoka mlangoni na mpira mkononi, maji yanatoka kwa nguvu zote, akamwelekezea kifuani. Si kwa bahati mbaya. Nilikuwa nimesimama pale. Mtoto akaanguka, naye akaendelea kummwagia akiwa chini, kama mtu anayeosha gari. Koko akamkimbilia, akamfunika kwa mgongo wake, na maji yakaendelea kumpiga mgongoni mpaka mama mmoja wa ghorofa ya juu alipopiga ukunga.

Kifua cha mdogo wangu kilikuwa dhaifu tangu kuzaliwa. Siku ya tatu hakuweza kumaliza sentensi bila kuhema. Tulimpeleka hospitali, tukakaa kwenye benchi, na nesi aliyechukua jina letu akauliza, bila kuinua kichwa, kwa nini watu wetu wanajaza wodi zao. Mama alitazama sakafu. Mdogo wangu alilazwa, akawekewa oksijeni. Ule mkono wake mdogo wenye sindano ndio ulionifundisha kuchukia, na nilijifunza vizuri. Alipona. Lakini kuna wiki ambayo nyumbani kwetu hakuna aliyeongea kwa sauti ya kawaida.

Aliporudi, Baba alimkalisha Koko mezani.

"Mama, basi. Watoto wakae ndani."

"Kwa sababu ya yule?"

"Kwa sababu hapa si kwetu. Hapa tunaishi kwa kunyamaza. Unafikiri sina uchungu? Nikimgusa yule mzee, kesho wanachoma duka."

Koko alimwacha amalize. Kisha akasema, polepole, "Mwanangu, mimi nilikimbia risasi. Sikukimbia risasi nikuje kufichama maji ya mupira."

"Mtoto alikaribia kufa."

"Najua. Nilikuwa juu yake. Lakini yule alimumwagia maji ndio akagonjwa. Haikuwa kuruka." Akanyoosha kidole dirishani. "Ukiwafungia, unamupa yule mutu haki. Unamuambia ni kweli, hawa watoto hawana ruhusa ya hewa."

Baba aliinuka akatoka nje. Alipita korido, akakwaruzwa bega na pedali ya ile baiskeli ukutani, akaisukuma kwa hasira. Hakurudia kutoa amri ile. Hakutoa ruhusa pia.

Kwa hiyo Koko alitupeleka kwenye ngazi. Berea ina ngazi za mji, zinapanda kilima katikati ya nyua za watu, za zege, zenye mabomba ya kushikia yaliyoshika kutu. Hakuna anayeweza kusema ni zake. Kila alasiri tulizipanda, yeye nyuma yetu anahesabu kwa Kifaransa na kuchanganya namba makusudi ili turudie. Mdogo wangu alianza kwa hatua chache, akikaa na kupumzika mapajani mwa Koko. Kabla baridi haijaisha alifika juu kwa miguu yake, pale ambapo jua la jioni lilikuwa bado linawaka wakati kwetu chini kumeshakuwa kivuli. Akasimama akitazama meli bandarini, mikono kiunoni, kama mwenye nyumba.

Huku nyuma, jirani aliitumia kamati yake. Tulirudi siku moja tukakuta nyasi zimeng'olewa na mafundi wanamwaga zege. Uwanja wote, ukuta hadi ukuta. Aliwaambia wapangaji ni kwa ajili ya maegesho. Alisimama mlangoni kwake akitutazama tunavyoangalia, na nakuapia alikuwa anatabasamu. Nilimwangalia Koko nikitegemea ataniambia neno la kunituliza. Alichuchumaa, akagusa zege kwa kiganja, akagonga gonga.

"Ikauke kwanza," akasema.

Ilipokauka alitukusanya wote. Kwenye nyasi, miguu yetu ilikuwa ikitua kimya. Kwenye zege, chini ya dirisha la jikoni, katikati ya kuta zinazorudisha sauti, kila kuruka kulikuwa mlipuko. Miguu ishirini, makofi, nyimbo. Vikombe vya yule mzee vilikuwa vinalia kwenye kabati, tulivisikia. Alitoka na mpira wake wa maji akakuta akina mama wamepanga viti ukutani, wametulia, wanachambua sombe, yale majani ya muhogo, wote wanamtazama. Mama wa wale dada Wahindi alikuwa amekaa mbele kabisa. Mzee hakufungua bomba. Alirudi ndani, na hiyo ndiyo ilikuwa mara ya mwisho kumwona akitoka alasiri.

Alikufa miaka mingi baadaye. Sikwenda mazishini. Watu huniuliza kama nimemsamehe, hasa kanisani, wakiinamisha kichwa pembeni kwa upole. Hapana. Sijamsamehe, na silali vibaya kwa sababu hiyo.

Kinachoniuma ni kingine. Kuna mwaka ambao maduka ya watu wetu yalivunjwa, la Baba likiwamo, na baba mdogo aliyekuwa Kanada akamwombea Koko nafasi ya kwenda kuishi naye. Tulisema atakuwa salama. Na alikuwa salama. Walimpa chumba chenye joto, dawa, daktari anayekuja nyumbani. Lakini barafu ilikaa nje nusu ya mwaka, na kila mtu alimkataza kwa upendo: utateleza, Mama, utavunjika nyonga, kaa ndani. Kwenye simu sauti yake ilizidi kuwa ndogo. Nilipomuuliza anafanya nini mchana alisema, "Naangaliaka dirisha."

Hakuna aliyemtukana kule. Hakuna aliyemmwagia maji. Walimzika Februari, nasi hatukuwa na viza.

Baba mdogo alitutumia vitu vyake kwenye boksi. Vitenge, Biblia, na koti moja kubwa la theluji, la bluu, zito kama godoro. Mama alilishika, akaingiza mkono ndani ya mkono wa koti, na kikatoka kikaratasi cha bei kikiwa bado kimefungwa kwa uzi wake wa plastiki.