Nilimwona Anakuja, Nikanyamaza

Mwanangu, iko siku moja ya mwezi wa nane ambayo hunirudia kila ninapopita na gari karibu na viwanja vya mazoezi pale Eagan. Joto lilikuwa kali, nyasi zilikuwa zimekatwa asubuhi ile ile, na mimi nilikuwa kijana wa miaka ishirini na tatu mwenye kilo mia moja na arobaini. Nakuita mwanangu ingawa kwa umri ningekuwa kaka yako tu. Nivumilie. Katika kazi niliyoifanya, mtu wa miaka thelathini na miwili huitwa mzee, na mimi nimeitimiza mwezi uliopita. Utaona huko mbele kwa nini umri huo unaniuma.

Jumapili baada ya ibada mama yako alinishika mkono akaniambia kwamba wiki ijayo unaingia kambini kugombea nafasi kwenye timu, na kwamba huli vizuri kwa wasiwasi. Akaniomba nikuandikie maneno mawili matatu. Mambo ya miguu na mikono sitayagusa, makocha watakufundisha vizuri kuliko mimi. Nitakueleza jambo moja ambalo kocha hawezi kulijua, kwa sababu yeye hakulelewa nyumbani kwetu.

Najua wewe unaujua mchezo, lakini barua hii mama yako ataisoma pia, kwa hiyo niende polepole. Katika mpira wa Kimarekani kuna wanaume watano wakubwa wanaosimama mbele ya mrushaji. Mpira si wao. Kazi yao ni kuwazuia wale wa upande wa pili wasimfikie, sekunde tatu hivi, mpaka autupe. Watu uwanjani hawayajui majina yao. Ukisikia jina lako limetajwa kwenye televisheni, ujue umekosea.

Mimi nilikuwa mmoja wa hao, au tuseme nilikuwa naomba niwe. Tulifika hapa Marekani nikiwa na miaka tisa, kutoka kambi ya wakimbizi Tanzania, baada ya wazazi wetu kuikimbia Kivu. Ndiyo maana Mama hakulipenda neno lenyewe. Nilipomwambia kwamba timu imenichukua na naenda kambini, aliniangalia kutoka jikoni kwetu Burnsville akauliza, "Kambi tena, baba? Na huko watakupa kadi ya mgao?" Huniita baba, kama akina mama wa kwetu wanavyowaita watoto wao wa kiume. Alicheka, halafu akaja akanishika kichwa kwa mikono miwili akaomba, na sala ile ilikuwa ndefu.

Unajua tulivyolelewa, maana na wewe umelelewa hivyo hivyo. Mkubwa akikupa kitu, unapokea kwa mikono miwili. Humkazii macho. Akiwa na mzigo unamtua. Wakubwa wakiongea unanyamaza mpaka uulizwe, na ukiulizwa unajibu kwa kifupi. Marehemu baba yangu hakuwa mkali kwa mengine, lakini kwa hilo alikuwa mkali, na sikuwahi kumwona mtu akimlaumu.

Basi nikaingia kambini na malezi hayo. Tuliingia wengi, na karibu nusu yetu tungerudishwa nyumbani kabla msimu haujaanza. Upande wa kulia wa safu, pembeni kabisa, alisimama mtu aliyeitwa Curtis. Alitoka Georgia, alikuwa na misimu kumi mwilini na mvi kidevuni, na mkewe alikuwa mjamzito wa mtoto wa tatu. Alikuwa na miaka thelathini na miwili. Nafasi niliyokuwa naigombea ilikuwa pale pale kando yake, bega kwa bega.

Kule kuna desturi kwamba wageni huwabebea wakongwe vifaa vyao baada ya mazoezi. Wenzangu walibeba huku wakinung'unika. Mimi nilibeba kwa furaha. Nilimtua Curtis kofia yake na vikinga bega kabla hajaniomba, nikainamisha kichwa, nikampelekea maji. Mwanzoni alidhani namkejeli. Alipogundua kwamba sikejeli alicheka sana, akawaambia wenzake kwamba amepata mtoto aliyekwisha kulelewa. Wao wakanipa jina la Kanisa, kwa kuwa ukinikaribia husikii kitu, kama kanisa tupu. "Kanisa, leo umesema maneno mangapi?" walikuwa wakiuliza wakati wa chakula, na mwingine akijibu kwamba bado hayajafika matatu. Sikukasirika. Kwangu ilikuwa sifa.

Lakini safu ile haiendi kwa ukimya, na hapa ndipo nataka uweke akili yako. Wapinzani wana hila ya kupishana. Yule aliye mbele yangu anajifanya ananijia, kisha anazunguka kwenda kwa mwenzangu, na yule wa mwenzangu anaingia kwangu. Asiyejua hubaki akimkumbatia hewa. Dawa yake ni sauti. Anayeona kwanza anapiga kelele, "Badili!", na wote wawili wanabadilishana kazi palepale. Aliye ndani kama mimi mara nyingi ndiye huona kwanza, kwa sababu wa pembeni macho yake yako nje. Na kelele yenyewe haina adabu. Unamfokea mtu kama unamfokea mbuzi aliyeingia shambani.

Mimi sikuweza. Nilijaribu. Nilipomfokea kijana mwenzangu sauti ilitoka, nilipogeuka upande wa Curtis ikafa. Kocha wa safu aliniambia kwamba nina mwili wa ng'ombe na mdomo wa samaki. Na Curtis mwenyewe aliona. Siku moja, nikiwa nimembebea vitu vyake, aliniambia tukae kwenye benchi.

"Mimi baba nilikuwa naye, Mungu amrehemu," alisema. "Mtoto wa kunisalimia sihitaji, ninao wawili nyumbani. Nahitaji mtu wa kuniambia anachokiona. Nifokee, Kanisa. Nitukane ukipenda."

Nikamwambia ndiyo, bwana. Akatikisa kichwa kwa ile "bwana", akaondoka amebeba kofia yake mwenyewe.

Mwanangu, nilionywa. Nisije nikakudanganya kwamba sikuonywa.

Siku ile ya joto, mwenye nafasi yangu alikuwa ameumia paja, na kwa mara ya kwanza nikawekwa na kikosi cha kwanza. Nilicheza vizuri. Miguu ilikuwa myepesi, na kwa muda nilianza kuwaza nitakavyomwambia Mama. Kisha wenzetu waliocheza kama wapinzani wakajipanga, na nikamwona yule aliye mbele yangu amehamisha uzito wake kwenye mguu wa kulia, vidole vya mkono wake havikuegemea nyasi sawasawa. Nilijua anakwenda wapi. Nilijua kama ninavyojua njia ya kwenda nyumbani. Nikageuza kichwa kumtazama Curtis, naye macho yake yalikuwa nje. Nilikuwa na muda. Watu huniambia labda sikuwa nao, lakini nilikuwa nao wa kutosha kusema neno moja.

Nikanyamaza.

Curtis aligundua kwa kuchelewa. Alijaribu kugeuka mguu wake ukiwa umekitwa ardhini, na watu wawili wakaangukia goti lake kwa upande. Sauti yake sitaiandika hapa. Lilikuja lile gari dogo la kubebea majeruhi, wakampandisha, naye akajifunika uso kwa taulo. Kofia yake ilibaki kwenye nyasi. Niliichukua nikamfuata nayo mpaka mtu mmoja akaniambia niiache.

Alasiri tukaketi kuangalia picha za video za mazoezi, kama kila siku. Kocha alipofika pale Curtis alipoumia akasimamisha picha, akauliza bila kugeuka, "Kanisa, ulimwona?"

"Hapana, Kocha."

Akairudisha picha nyuma. Ilionekana kofia yangu ikigeuka kwa yule mtu, ikageuka kwa Curtis, ikarudi mbele. Akairudia mara tatu, polepole. Halafu akaendelea na picha nyingine. Hakuna aliyeniita Kanisa tena tangu siku ile. Hawakuniita kitu chochote.

Baada ya siku nne mtu wa ofisini alinigusa bega nikiwa nakula mayai, akaniambia nimfuate na tableti yangu, ile yenye michoro ya timu. Ukiambiwa ulete tableti, umekwisha. Wote mezani wakatazama sahani zao. Kocha wa safu alinipa mkono. "Miguu yako ni mizuri," alisema. "Ila siwezi kumsimamisha mtu kando yako." Hakuna timu nyingine iliyopiga simu. Nilikaa na simu mapajani wiki baada ya wiki, kwenye kochi la Mama, na hata leo nikikuambia nilikuwa nawaza nini nitakuwa nakutungia. Sikuwaza kitu. Nilikuwa mtu mkubwa sana aliyejaza chumba kidogo.

Mama hakujua yote. Alijua tu kwamba mwenzangu ameumia na sijaenda kumwona, na kwake hilo halikubaliki. Akapika sombe ya majani ya muhogo na bugali, akakifunga chungu kwa kitambaa, akanisukuma mlangoni. Nikaendesha mpaka Saint Louis Park, kwenye apatimenti ya Curtis. Alikuwa amekaa mguu umenyooshwa kwenye kiti, umefungwa vyuma. Madaktari walikuwa wamekwisha kumwambia kwamba atatembea, lakini kucheza basi.

Nilisimama na chungu mikononi. Alinisaidia kwa kuanza yeye. "Nimeambiwa kwenye picha ulitazama."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukusema?"

"Ulikuwa mzee wangu," nikamwambia. "Sikuweza kukupigia kelele."

Alinitazama, na mimi, kwa kuwa nililelewa vizuri, nikatazama chini.

"Heshima nimeipata," akasema taratibu. "Sasa goti nani atanipa?"

Hakunifukuza wala hakupandisha sauti. Aliniambia amechoka, na kwamba chakula nirudi nacho. Nikashuka na lifti nimekikumbatia chungu, kikiwa bado na moto.

Unajua kwetu chakula kurudishwa maana yake ni nini. Mama alifunua kitambaa, akaona chungu kimejaa, akaketi. Ndipo nikamweleza yote, pamoja na ule uongo wa mbele ya Kocha. Nilitegemea anikemee. Mama anafanya kazi kwenye nyumba ya kutunzia wazee, na alikuwa bado amevaa sare.

"Bon, basi," alisema mwishowe. "Mimi na baba yako tulikufundisha nusu. Kule kazini nikimwona mzee anataka kuanguka, unafikiri naanza kumwamkia? Napiga kelele ukumbi mzima usikie. 'Baba, kaa!' Namwita baba, na namwambia kaa. Akishakaa salama, ndiyo naomba radhi." Kisha akalia. Na mimi sikuwa nimemwona akilia tangu mazishi ya baba.

Nilimwandikia Curtis. Nimemwandikia mara nyingi, na mwaka huu nilipotimiza umri wake nimemwandikia tena. Hajajibu. Siwezi kukuambia kwamba yalikwisha vizuri, kwa sababu hayajaisha. Ziko asubuhi ambazo naamka nikiwa nimekwisha kupiga ile kelele kichwani, na goti lake ni zima, na halafu nakumbuka.

Sasa nafanya kazi ghalani, huko huko Eagan, na wengi ninaofanya nao wamenizidi umri. Mwaka wa kwanza foklifti, lile gari la kunyanyulia mizigo, ilikuwa inarudi nyuma, na mzee mmoja wa Bukavu amesimama nyuma yake akisoma karatasi. Nilifoka, "Mzee wangu, ruka!" Akaruka, akanitukana kwa Kifaransa, akaniuliza kama sina wazazi. Kisha akaona magurudumu. Ni neno moja tu, mwanangu, na kwa Curtis lilikuwa limechelewa.

Kwa hiyo nisikilize. Ukifika kambini, mtafute yule atakayesimama kando yako. Msalimie kama ulivyofundishwa, mbebee vitu vyake, wala usione haya hata wakicheka. Malezi yako ni mazuri na hakuna kocha atakayekupa bora kuliko hayo. Lakini siku hiyo hiyo mwambie kwamba ukiona kitu utamfokea, na umwombe radhi kabisa mapema. Kisha jizoeze. Foka ukiwa ndani ya gari, foka ukiwa bafuni, mpaka koo lijue kwamba kumfokea mkubwa ili asiumie ni sehemu ya kumtua mzigo. Na ukishindwa, maana unaweza kushindwa kama mimi, Kocha akikuuliza kama ulimwona, sema ndiyo. Watakutoa, pengine. Mimi walinitoa hata hivyo, na niliondoka na mizigo miwili.

Na baada ya barua hii kula chakula cha mama yako.

Mungu aliyekuleta salama mpaka nchi hii ya baridi ayalinde magoti yako, na magoti ya kila atakayesimama kando yako. Akupe jicho la kuona mapema na sauti isiyofia kooni. Na siku mtu wa ofisini atakapokugusa bega, kwa kuwa siku hiyo humfikia kila mmoja wetu, inuka mezani ukiwa umesema kila ulichokiona, ili ukimpelekea mtu chakula akipokee.